Mbona baba mdogo anasukuma mkokoteni kutwa na bado ana presha?

Baba mdogo wangu ni msukuma mkokoteni pale soko la Majengo, Dodoma mjini. Anaanza saa kumi na moja alfajiri, malori ya vitunguu na viazi yanaposhusha, na akirudi nyumbani Chang'ombe giza limeshaingia. Ana miaka 54, hana kitambi, viganja vyake vimekakamaa kama gome la mbuyu. Mwaka jana nilimpeleka zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikimgonga kila jioni. Muuguzi alimkalisha kimya dakika tano, akamfunga mkanda mkononi, akapima, akangoja kidogo, akapima tena. Presha ya juu 168, ya chini 102. Alipoambiwa ana presha, alimtazama muuguzi kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu, presha si ya watu wa ofisini? Mimi mazoezi nafanya tangu alfajiri."

Muuguzi hakuwa na muda wa kumjibu, foleni ilikuwa ndefu. Mimi swali lile nilirudi nalo nyumbani. Kila tangazo la afya redioni linatuambia tutembee, tutoke jasho, tusikae sana, na moyo utakuwa salama. Katika ukoo wetu hakuna anayetoka jasho kumzidi yeye. Ama matangazo yanatudanganya, ama neno "mazoezi" lina mambo mengi ndani yake kuliko tunavyodhani. Nimesoma tafiti nyingi tangu siku ile, na naamini ni hilo la pili. Ila kuna fundo ambalo lazima lifunguliwe taratibu, kwa sababu ukilivuta kwa haraka linakaza zaidi.

Mambo yalianzia kwenye mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa, na kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kwenye usukani siku nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi mia tano hadi mia saba na hamsini kwa siku. Watu wa mshahara unaokaribiana, mtaa uleule, kampuni ileile. Makondakta walipata mshtuko wa moyo mara chache kuliko madereva, na hata walioupata, wengi wao haukuwaua papo hapo. Morris akaenda posta, akakuta hali inayofanana: wapeleka barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na mioyo yenye nafuu kuliko makarani wa kukaa mezani.

Lakini Morris alikuwa mtu makini, na hapa ndipo ninapompenda. Alijiuliza: je, kukaa ndiko kulikowaumiza madereva, au watu waliokuwa na mwelekeo wa kuugua tangu mwanzo ndio waliochagua kukaa? Akafungua daftari za sare. Kampuni ilikuwa na kumbukumbu za vipimo vya suruali za kila mfanyakazi, na ikaonekana kuwa madereva walikuwa na viuno vinene kuliko makondakta wa umri wao. Sehemu ya tofauti ilikuwa kwenye miili yenyewe. Hata hivyo, ukilinganisha dereva mwembamba na kondakta mwembamba, bado kondakta alikuwa na nafuu. Swali hilo la Morris, kipi kilitangulia, limewasumbua watafiti wa moyo kwa miaka 70 sasa, na litarudi tena hapa chini.

Baada yake Ralph Paffenbarger wa Marekani akawafuatilia wapakuaji wa mizigo bandarini San Francisco. Waliobeba mizigo mizito walikufa kwa moyo mara chache kuliko wenzao wa kazi nyepesi. Kwa hiyo hadi hapo baba mdogo ana haki ya kushangaa. Kuli wa San Francisco analindwa na kazi yake, kwa nini yeye asilindwe?

Sasa twende Copenhagen. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Denmark, likiongozwa na Andreas Holtermann, lilitoa matokeo ya watu wazima 104,046. Waliwauliza maswali mawili tofauti: unautumiaje mwili wako wakati wa mapumziko, na unautumiaje kazini? Kwa upande wa mapumziko jibu lilikuwa lile tulilolizoea: anayejishughulisha zaidi ana hatari ndogo ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa upande wa kazi mstari ukageuka. Kadiri kazi ilivyokuwa nzito, hatari ilipanda. Watafiti wanaliita jambo hili kitendawili cha kazi za nguvu.

Wepesi wa kwanza unaomjia mtu ni kusema: hao ni maskini tu. Mbeba mizigo anavuta sigara zaidi, analala vibaya, anakula chumvi nyingi, anachelewa kumwona daktari. Ni hoja nzito, na Wadenmark waliiondoa kwa hesabu kadiri walivyoweza, wakaingiza sigara, pombe, elimu, kipato na presha yenyewe. Tofauti ilipungua lakini haikufutika. Mwaka huohuo wa 2021 watafiti wa Norway wakaja na data ya watu zaidi ya 437,000, wakakuta kwamba ukishaondoa mambo kama hayo, wanaume wa kazi za kutembea na kunyanyua waliishi muda mrefu kidogo kuliko wa kukaa. Nchi jirani, majibu yanapishana. Anayekuambia suala hili limekwisha anakuharakisha.

Mimi nafikiri majibu hayo yanapishana kwa sababu neno "kazi ngumu" limebeba vitu viwili ambavyo moyo hauvipokei kwa namna moja. Ili kuvitenganisha inabidi tuingie ndani ya kifua.

Moyo wa mtu aliyepumzika unasukuma kama lita tano za damu kwa dakika. Kijana mwenye afya akikimbia, unafika lita 20 au zaidi: ndoo kubwa ya maji, ile tunayochotea bombani, kila dakika. Katika kukimbia au kutembea kwa kasi misuli mikubwa ya miguu inajikaza na kulegea, inajikaza na kulegea, na mishipa iliyo ndani yake inafunguka. Moyo unapewa damu nyingi ya kusukuma, lakini njia iko wazi. Presha ya juu inapanda kiasi, ya chini inabaki palepale au inashuka kidogo. Huo tuuite mzigo wa wingi.

Sasa mtazame baba mdogo na mkokoteni wa magunia sita, pale njia inapoanza kupanda. Anainama hadi paji la uso likaribie mbao. Anavuta pumzi, anaifunga kifuani, anauma meno. Mishipa ya shingo inatokeza kama kamba. Kwa sekunde nane au kumi hakuna kiungo kinachocheza, kila msuli umekaza mahali pake mpaka gurudumu likubali. Msuli uliokaza bila kulegea unaibana mishipa iliyo ndani yake, na pumzi iliyofungwa inaongeza msukumo kifuani. Moyo sasa unasukuma damu kwenye njia iliyozibwa. Huo ni mzigo wa presha. Mwaka 1985 mtafiti MacDougall na wenzake huko Kanada waliwaingizia wanyanyua vyuma mrija mdogo ndani ya ateri ili kupima presha sawasawa wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250. Hao walikuwa vijana wenye afya, na ni kwa muda mfupi tu, kisha inashuka. Lakini ukiisoma namba hiyo ukiwa na mtu wa miaka 54 kichwani mwako, ambaye anaanza siku na 168, unatulia kidogo.

Moyo unabadilika kwa kufuata mzigo unaoupata. Mwaka 1975 daktari Joel Morganroth aliwapima wanamichezo kwa mawimbi ya sauti akaona kwamba wakimbiaji wa masafa na waogeleaji walikuwa na chumba cha kushoto cha moyo kilichotanuka, kinachobeba damu nyingi kwa pigo moja, wakati wanamieleka na warusha tufe walikuwa na kuta nene huku chumba kikiwa cha kawaida. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa mstari huo si mkali vile, wanamichezo wengi wako katikati. Ila wazo lenyewe limebaki. Unapomfikiria Alphonce Simbu, kijana wa Singida aliyeshinda mbio ndefu za dunia kule Tokyo Septemba 2025, fikiria moyo uliozoezwa kwa wingi, kilomita kwa kilomita. Na hapa kuna jambo ambalo kila mwenye presha anapaswa kulijua: presha ya kudumu nayo inanenepesha kuta za moyo, na unene huo, tofauti na wa mwanamichezo, huenda pamoja na kukakamaa kwa msuli. Moyo uliokakamaa haujai vizuri.

Jambo la pili, mbali na aina ya mzigo, ni kupumzika, na kwa maoni yangu ndicho kinachosahaulika zaidi. Ukitembea haraka nusu saa kisha ukakaa, presha yako inashuka chini ya ilipokuwa kabla ya kutembea, na inaweza kubaki hivyo saa kadhaa. Kule ndani, damu inayopita kwa kasi inausugua utando wa mshipa, nao unatoa gesi iitwayo naitriki oksidi inayoulegeza mshipa. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Wamarekani watatu tuzo ya Nobel mwaka 1998. Faida ya mazoezi, kwa sehemu kubwa, inajengwa katika saa zile za kushuka na kutulia. Msukuma mkokoteni hana saa hizo. Anashusha magunia, mteja mwingine anamwita, presha inapandishwa tena kabla haijamaliza kushuka, na mapigo ya moyo yanabaki juu tangu alfajiri hadi magharibi. Usiku anapata usingizi wa saa tano tu. Kesho yake hivyohivyo, Jumapili nayo, maana sokoni hakuna likizo.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, kondakta wa London anaeleweka. Alikuwa akipanda ngazi, mwili wake ukicheza wote, mzigo wake ni yeye mwenyewe na mkoba wa sarafu, na zamu yake ina mwisho. Ni kama alilipwa kwa kutembea.

Mfano ninaouona wa thamani kuliko wote hauko Ulaya, uko hapa jirani. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Mkalama, mkoani Singida, mwendo wa siku moja tu kwa gari kutoka Dodoma. Watafiti David Raichlen na Herman Pontzer waliwafungia vifaa vya kupima mapigo ya moyo, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba kwa wastani hufanya shughuli za kati hadi za nguvu kwa dakika 135 kwa siku. Presha na mafuta ya damu vilionyesha hatari ndogo sana ya ugonjwa wa moyo, hata kwa wazee. Wanatembea porini, wanachimba mizizi, wanapanda mibuyu kurina asali. Ni kazi, tena kazi ya kweli, maana usipoifanya hulali umeshiba. Lakini mtu anakwenda kwa mwendo wake, anabadilisha shughuli, akichoka anakaa kivulini.

Na wanakaa kweli. Utafiti wa mwaka 2020 wa kundi hilohilo uliwakuta wakipumzika karibu saa kumi kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, na mtu aliyechuchumaa misuli ya miguu yake inafanya kazi kidogokidogo, haijazimika kama ya aliyeegemea kiti. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu kule Bahi akichambua mlenda uani, amechuchumaa kutwa, tukimwambia apate kigoda anakataa.

Kwa hiyo swali linalotusumbua Dodoma lina ncha mbili. Mji wetu unakua kwa kasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban 411,000, ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Pamoja na wizara zilizohamia Mji wa Serikali pale Mtumba, wamekuja maelfu ya watu wa kukaa, na wamekuja maelfu wa kuwabebea, kuwajengea na kuwasukumia. Wote wawili wanahitaji ushauri, na ushauri wao haufanani.

Kwa mtu wa Mtumba mambo ni mepesi kueleza. Anapanda gari asubuhi, anakaa mezani, anarudi na gari. Utafiti uliofanyika hapahapa nchini, wakiwafuatilia watu 209 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja wanaume wanaofanya shughuli za nguvu walishuka kutoka karibu wanane kati ya kumi hadi karibu robo, na uzito ukapanda zaidi ya kilo mbili kwa wanaume na wanawake pia. Mwaka mmoja tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unampa kipimo: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaomfanya ahemee kidogo lakini bado aweze kuongea, au nusu ya hizo za nguvu, na siku mbili za kuimarisha misuli. Ule mwongozo ulifuta sharti la zamani la kwamba lazima utembee angalau dakika kumi mfululizo ndipo ihesabiwe. Ukishuka kituo kimoja kabla, inahesabiwa. Na kama kazi inakukalisha zaidi ya saa nane, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, wenye watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba dakika 60 hadi 75 za mwendo kila siku zinaifuta ile hatari ya ziada ya kukaa. Zile hatua 10,000 unazozisikia hazikutoka maabara, zilitoka kwenye tangazo la kifaa cha kuhesabia hatua Japani miaka ya 1960. Tafiti za sasa zinaonyesha faida inaanza mapema zaidi, na kwa waliopita miaka 60 inatulia kwenye 6,000 hadi 8,000.

Kwa baba mdogo ni vigumu zaidi. Huwezi kumwambia mtu aliyesukuma tani tatu akimbie jioni. Nisingethubutu.

Na kuna jambo la kusema waziwazi kabla ya kuendelea: mazoezi, hata yale mazuri, hayafanyi kila kitu. Utafiti wa Marekani ulioitwa Look AHEAD uliwachukua watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa, nusu yao wakasimamiwa kwa ukaribu ili wapunguze kula na wajishughulishe. Wakapungua uzito, sukari ikawa nafuu, usingizi ukawa bora. Baada ya karibu miaka kumi, idadi ya mishtuko ya moyo na viharusi ikawa haitofautiani na ya wenzao. Ndilo lile swali la Morris tena: pengine watu wanaojishughulisha kwa hiari yao wana mengine mengi mema yanayowalinda. Sisemi mwendo haufai. Kwa mwenye presha, mwendo wa mara kwa mara unashusha milimita tano hadi nane za presha ya juu, ambazo ni karibu sawa na kidonge kimoja. Lakini ukitoa nane kwenye 168, bado una 160. Kinachobaki hakiondoki kwa jasho. Kinaondoka kwa dawa, kwa kupunguza chumvi, kwa kulala.

Hapo ndipo imani ya baba mdogo ilipomweka hatarini, wala si yake peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta kwamba karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha, katika nchi ambayo wengi wetu tunalima, tunabeba na kutembea. Mtu anayejiona yuko fiti hapimi. Presha haiumi mpaka iharibu kitu, na mkono wenye nguvu hauonyeshi hali ya mshipa ulioko ndani yake.

Tulikaa naye siku tatu tofauti, mimi, yeye na mjukuu wake anayesoma uuguzi, tukiangalia kinachowezekana. Dawa alianza, kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na mjukuu anampigia simu saa kumi na nusu kumkumbusha. Chumvi ya mezani tuliiondoa, jambo lililomuudhi mama mdogo kuliko yeye. Mkokoteni wenyewe tulibadilisha namna ya kuusukuma: magunia manne badala ya sita, na kwenye mwinuko asifunge pumzi, aitoe taratibu kwa mdomo wakati anasukuma, kama anayepuliza moto wa kuni. Nusu ya njia asimame. Kwa hilo anabeba jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, analitupa nyuma ya gurudumu, mkokoteni unakaa wenyewe na yeye anasimama wima dakika mbili tatu, mikono imelegea. Fedha ilipungua mwanzoni. Akaungana na kijana mmoja, sasa mizigo mikubwa wanasukuma wawili na kugawana.

Mwezi wa tatu alipima 144 kwa 90. Muuguzi alikuwa yuleyule. Akamwambia arudi baada ya mwezi mmoja, asubuhi, asiache kidonge hata akijisikia mzima. Baba mdogo akauliza kama anaweza kuja mchana, maana asubuhi ndiyo malori yanashusha, na asubuhi moja ya kukosa ni mboga ya siku mbili. Muuguzi akafungua daftari, akatafuta siku yenye foleni fupi, akaandika Jumatano saa tisa.

Nilimsindikiza hadi sokoni. Mkokoteni ulikuwa pale alipouacha, kijana amelala juu yake kivulini, na lile jiwe liko nyuma ya gurudumu.